Siku Niliyosogeza Mitungi ya Akko

Siku hizi nikipita kwenye laini ya kuchota maji hapa mtaani Kiwanjani nanyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza si tabia yangu. Anayetaka kucheka acheke, hata mimi nilijicheka, mpaka nikajikuta nalia, na si kwa kicheko.

Kwanza mjue mimi ni nani. Mimi ni Ata, yaani nyanya kwa Kiturkana, na mtaa mzima unaniita hivyo, hata wasio Waturkana. Shuleni sikukaa (niliingia mlango mmoja nikatokea mwingine), lakini wajukuu wangu wote wamesoma, na mdomo wangu haujawahi kuhitaji kalamu. Ndiyo maana ule mwaka wa kiangazi kibaya, gari la maji la kaunti lilipoanza kuja kwenye kona yetu, watu walinichagua niwe mwenyekiti wa laini. Nikaweka sheria. Mtungi unaweza kukushikia laini tangu alfajiri, huo ndio utaratibu wetu, lakini gari likifika na wewe mwenyewe hupo, mtungi wako unaenda nyuma, uwe nani uwe nani. Nilisogeza wa mke wa mchungaji. Nilisogeza wa Mama Kendi, yule Mmeru muuza sukuma wiki, aliyekuwa amekimbilia mteja. Na nililala usingizi mzuri kabisa, kwa sababu haki ni haki.

Sasa, rafiki yangu alikuwa Akko. Hilo nalo ni nyanya, kwa Kiborana. Alitoka Sericho mifugo yao ilipoisha, akajenga nyumba ukuta kwa ukuta na yangu, yeye wa msikiti, mimi wa kanisa, na tangu hapo sikumbuki chai niliyokunywa peke yangu. Alipoanza kuugua aliniambia, akicheka na yale meno yake machache, "Ata, siku yangu ikifika wewe huwezi kuniosha, wewe si Mwislamu. Lakini maji ya kuniosha utaleta wewe. Asilete mtu mwingine."

Nikamwambia, "Nyamaza, mzee wewe, utanizika mimi." Lakini niliahidi. Nilimshika mkono nikaahidi.

Asubuhi hiyo gari likaingia, vumbi likapanda, nikaanza kutembea kando ya laini na fimbo yangu kama askari, na pale mbele nikaona mitungi miwili ya manjano imefungwa kitambaa cha kijani, mwenyewe hayupo. Sikuhitaji kuuliza. Kitambaa kile kilichanwa kwenye leso yangu kuukuu. Mitungi ilikuwa ya Halima, binti ya Akko.

Mama Kendi akaninong'oneza, "Ata, hiyo wacha. Wale wako na mgonjwa."

Ningeiacha, kweli ningeiacha, kama si mwenye boda mmoja aliyeegemea pikipiki yake (hana hata mtungi, alikuja kutazama tu). Akapaaza sauti, "Ah, hiyo haiguswi! Hiyo ni ya beshte ya mwenyekiti!" Watu wakacheka.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Jana yake jioni nilikuwa nimemwacha Akko akinywa uji, nikajiambia mgonjwa ni mgonjwa kila siku, maji yatakuja tena, lakini jina langu likichafuka leo nani ataliosha? Nikaishika ile mitungi nikaikokota mpaka mwisho wa laini nikipiga kelele, "Hapa hakuna undugu! Hapa hakuna urafiki!" Wakanipigia makofi, na mimi, Mungu anisamehe, niliyasikia yakishuka vizuri tumboni kama supu.

Maji yakagawanywa. Mitungi yangu ikajaa mapema. Kisha Halima akaja mbio, mtandio umepinda, mguu mmoja hauna kiatu (hilo nililiona, na bado sikuelewa), akatazama mbele, akatazama nyuma, akaona mitungi yao iko mkiani.

"Ata..." akasema.

"Usiniite Ata hapa! Hapa mimi ni mwenyekiti. Ukitaka Ata nifuate nyumbani."

"Ata, nisikilize..."

"Mwenyekiti!"

Nikamhubiria mbele ya watu juu ya haki na usawa, na nikiwa bado nahubiri dereva akafunga bomba na kusema yameisha. Ndipo Halima akaongea, polepole, kama mtu anayemwambia mtoto.

"Mama amefariki sasa hivi. Nilikuja kuchukua maji ya kumwosha."

Kisha yule yule mwenye boda akauliza, na safari hii hakuwa anacheka, "Na mitungi ya mwenyekiti ilikuwa inachungwa na nani?"

Hakuna mtu. Nilipokuwa nikitembea na fimbo, mitungi yangu ilisimama peke yake kama ya wengine, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nilinyanyua mtungi wangu nikautia kichwani nikakimbia. Ahadi ilikuwa maji yangu, si ya mtu mwingine, nikasema hata nikifa nayafikisha. Lakini kichwa changu kilikuwa kimesahau kazi hiyo miaka mingi, na kizibo kilikuwa kipande cha nailoni, kikaruka, maji yakanimiminikia usoni, kifuani, mpaka miguuni, na mbele ya kinyozi nikateleza nikaanguka chali. Mtungi ukalala kando yangu ukitapika kwenye vumbi. Watoto wakaimba, "Ata ameoga! Ata ameoga!"

Niliokota kilichobaki nikaenda nacho. Nguo zimenigandama, matope mpaka masikioni. Mlangoni kwa Akko nikakuta Mama Kendi na wanawake wengine wa laini wakitoka mikono mitupu. Walikuwa wamenipita nikiwa chini. Maji yao yalikuwa tayari ndani.

Shangazi ya Halima akatazama mtungi wangu, akatazama matope. Hakuwa mkali. "Maji tumepata, mama," akasema. "Wewe kaa pale na wageni."

Na wageni. Mimi, ambaye paka wa nyumba ile ananijua kwa kikohozi! Nikakaa kwenye mkeka, nimelowa, nikisikia ng'ambo ya pazia maji ya watu wengine yakimiminwa polepole juu ya rafiki yangu. Alasiri wakamzika.

Uenyekiti nimeurudisha kwa watu. Sasa nikiona mtungi hauna mtu naenda kwanza kubisha mlango wa mwenyewe nijue kuna nini, na ile yenye kitambaa cha kijani naisukuma mbele kwa mguu wangu mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka bombani. Aseme anayetaka kusema.

Halima huja kuichukua. Hana kinyongo, ananisalimia kila siku, kwenye laini, dukani, hata mlangoni kwangu nikiwa nimekaa na chai yangu peke yangu. Anainamisha kichwa kwa heshima kabisa.

"Habari ya asubuhi, mwenyekiti."