Muhogo Juu ya Boti

Kaka yangu alikuwa amemaliza kutengeneza boti ya mbao nyumbani kwetu Kasungami. Ilikuwa inangoja lori liipeleke Pweto, ziwani, ikabebe samaki. Boti yake ya kwanza iliota majani na konokono chini hadi ikawa nzito, kwa hiyo tulikwenda mjini kuchagua rangi ya kuzuia hayo.

Muuzaji alituwekea makopo mawili. Moja lilikuwa la rangi ya mafuta ya kawaida. La pili, la rangi nyekundu, lilikuwa limechorwa fuvu la kichwa.

"Hii njo kali," alisema. "Konokono akishika tu, anakufa. Iko na shaba ndani, na dawa ingine."

Nilimvuta kaka shati. Akacheka, maana kwetu ni nchi ya migodi ya shaba.

"Mutoto wa Katanga anaogopa shaba?"

Akachukua lile jekundu.

Tuliipaka boti ikiwa imegeuzwa, tumbo juu, kwenye matofali. Asubuhi yake kaka alikwenda kutafuta lori, mimi nikaenda kuchota maji.

Niliporudi, nilisimama na kidumu kichwani. Tumbo la boti lilikuwa jeupe lote. Mama alikuwa ameanika muhogo wetu wa bukari, ugali wa kwetu, juu yake, ukiwa bado unachuruzika maji ya kulowekwa. Aliona mahali pazuri, penye jua, ambapo mbuzi hawafiki.

Mimi husema polepole, hata nyumbani. Siku hiyo maneno yalikataa kabisa kutoka, kisha yakatoka madogo.

"Mama, ile rangi iko sumu."

"Sumu gani? Imekauka tangu jana."

"Ni ya kuua konokono."

"Sasa miye niko konokono?"

Jirani aliyekuwa akimsaidia alicheka mpaka akakaa chini. Mama akaendelea kupanga vipande.

Nilitua kidumu. Nikausukuma muhogo kwa mikono yote miwili, ukaanguka mavumbini. Kicheko kilikatika. Mama aliinua mkono kunipiga, nami sikukimbia.

Hakunipiga. Aliinama, akaokota kipande, akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa mwekundu.

Kisha akageuka kuwatafuta wadogo zangu, ambao kila siku ya kuanika huiba vipande na kuvitafuna. Akawaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Aliwafungua midomo mmoja baada ya mwingine, akawanusa, akapitisha kidole chini ya ulimi. Hapakuwa na kitu. Wa mwisho alicheka, akidhani ni mchezo, akamng'ata kidole, na mama hakukitoa, akaendelea kutafuta.