Mlango wa Wavu

Meneja wetu pale Mbegani hapazi sauti. Kabla ya kikao midomo humcheza kidogo, anamwomba Yesu wake, kisha anarudia lile lile: dagaa wasianikwe tena mchangani, waanikwe juu ya vichanja, wanunuzi wamechoka kutafuna mchanga. "Bibi zetu walianika hapa hapa," Bimdogo, mkubwa wa waanikaji, alimkatalia. Meneja alichukua bisibisi, akang'oa mlango wa wavu wa ofisi yake, akaja nao ufukweni kichwani.

"Yesu aliosha miguu kwanza, Bimdogo, ndipo akaagiza."

Akapanga matofali yawe miguu ya kichanja. Mlango ukamshinda kuutua peke yake. Bimdogo akamtazama weee, halafu akakaza kanga kiunoni.

"Mbu watakumaliza, mwanangu. Haya, shika huko."