Mnazi Usio na Mtu

Juzi mjukuu wangu Nema aliniletea shaha ndani ya bakuli. Huko Mkomani wanakata minazi ili wajenge nyumba za ghorofa, na vijana wenye msumeno huwagawia majirani ule moyo wa mnazi, ile nyama nyeupe iliyofichwa juu kabisa makuti yanapoanzia. Nema aliukatakata vizuri, akautia ndimu na pilipili. "Onja, bibi, ni tamu." Nilitia kipande mdomoni. Kweli ni tamu, ina utamu wa hindi bichi, na inalia kati ya meno. Sikuweza kukimeza. Nilikitema kiganjani, mtoto akadhani ameniunguza kwa pilipili.

Wanangu, mimi shule niliifikia mlangoni tu, lakini majina ya watu sijasahau hata moja, wala majina ya minazi. Ndiyo, minazi. Kwetu ilikuwa na majina.

Tulikaa Kisauni, upande wa nyuma wa Frere Town, katika shamba la Mwarabu mmoja aliyeturuhusu kulima muhogo chini ya minazi yake. Yake hatukuigusa. Yetu ilikuwa mitatu tu, nyuma ya jiko, nayo ilikuwa yetu kwa sababu ya vitovu. Mama alipojifungua, baba alichimba shimo, bibi akazika kitovu na kondo la nyuma, na juu yake ikawekwa nazi iliyokwisha kuchipua. Mti ukaota, mtoto akaota. Mrefu ulikuwa wa kaka yangu Charo, kifungua mimba. Wa pili wangu mimi, Sidi. Wa mwisho, ambao mbuzi angeweza kula ncha zake, ulikuwa wa mdogo wangu Dama. Mtu akipita akauliza, "Charo yuko wapi?" tulimjibu yuko mjini, au yuko nyuma ya jiko, na majibu yote mawili yalikuwa ya kweli.

Bibi yetu mzaa baba aliitwa Mbodze, nasi tulimwita hawe, kama Wagiriama tunavyowaita bibi zetu. Charo alirithi jina la babu, kwa hiyo hawe alimwita "mume wangu". Utani huo ulimtia Charo haya mpaka akaanza kuota ndevu. "Mume wangu, mbona leo hujaniletea tumbaku? Una mke mwingine huko Bombolulu?" Charo naye, siku alizokuwa na moyo, alimjibu, "Ninaye, na ana meno yote."

Kisha vikaja vile vita vikuu vya pili. Charo akaenda keya, yaani uaskari. Alipanda lori pale barabarani na vijana wengine, amevaa kaptura iliyompwaya, akatupungia kofia. Hatukuwa na wa kutusomea barua wala wa kutuandikia. Mama aliacha kula chakula cha mchana.

Ndipo hawe alipoanza kuusoma mnazi.

Kila asubuhi alikaa kwenye kumbi za nazi kusuka makuti, akatazama juu, akatuambia habari za Charo. Kuti kavu likianguka: "Mume wangu ametupa viatu vilivyochakaa, amepewa vipya." Karara likipasuka na maua kutoka: "Leo wamewagawia mashati." Kunguru wakijenga humo juu: "Amepata rafiki mpiga kelele, maskini, hatalala." Mti ukiyumba na upepo wa kusi hawe alishika kiuno, akasema wako baharini na mume wangu anatapika. Mama alikuwa akipepeta ndani ya jiko, akijifanya hasikilizi. Lakini ungo ulinyamaza kila hawe alipofungua mdomo. Siku ya habari ya kutapika nilimwona anacheka peke yake, na mchana ule alikula.

Basi nikajifunza na mimi kusoma. Sikusoma vitabu, nilisoma makovu ya shina la mnazi, mfuo mmoja baada ya mwingine. Hapa Charo alipata surua. Hapa aliangukia kisimani. Nilipapasa kwa vidole kama kipofu, na nilijua ndugu yangu hakuwa mbali.

Mvua zikakosa. Muhogo ukawa kama kamba. Minazi ikapukutisha vidaka vyake vingali vidogo kama mayai ya njiwa, nazi zikaisha. Mahindi yakaja ya foleni, ya njano, yana harufu ya gunia na vumbi la meli, na yalituendesha matumbo sisi wote. Hawe alisema meno yanamuuma, hayawezi ugali ule. Akachukua fungu lake la unga akaliweka kando, akanywa maji ya moto.

Dama hakuyaweza kabisa mahindi yale. Miguu yake ikavimba, ikang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zake zikawa rangi ya kutu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kulia. Alikaa mkekani akitazama nzi, na nzi akitua mdomoni hakumfukuza. Na mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na kabla ya hapo alikwisha kuharibu mimba mbili.

Alfajiri moja katika siku hizo nilitoka kwenda haja, nikamwona hawe amechuchumaa chini ya mnazi wa Charo na kifuu cha nazi mkononi. Ndani ya kifuu mlikuwa na maji meupe. Alikuwa akimimina kidogo kidogo penye mizizi, akinong'ona.

"Hawe, wafanyani?"

Alishtuka. "Namnywesha mume wangu."

Nikachungulia. "Huo si unga?"

"Ni unga."

"Mti hula unga, hawe? Na sisi tuna njaa?"

Akanishika mkono, akanivuta karibu mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake. "Safari yake ni ndefu, Sidi. Mama yako usimwambie. Wallahi ukimwambia, tutaharibu nyumba."

Sisi tulilelewa kanisani. Mambo ya wazee yalifanywa mbali na macho yetu, na mimi nilidhani bibi yangu anampelekea kaka masurufu ya njiani. Nikaona wivu kidogo, nikanyamaza. Ila niliona jambo moja ambalo sikulielewa. Tangu asubuhi ile hawe aliendelea na hadithi za Charo, viatu na mashati na rafiki mwenye kelele, lakini hakutazama tena juu. Alisimulia macho yake yakiwa kwenye kuti alilokuwa akisuka.

Dama alipofikia kushindwa kuinua shingo, baba alirudi kutoka bandarini, alikokuwa akipakua mizigo, akamleta Mzee Ndoro mgema. Ndoro alikuwa na shoka begani badala ya kotama yake ya kugemea, nami nikajua. Shaha ni laini, likichemshwa na chumvi linapita hata koo la mgonjwa. Lakini mnazi ukitolewa shaha umekufa. Na hatukuwa na mnazi usio mtoto.

Wa Dama haukuguswa, mwenyewe yuko mkekani. Nikatazama wangu. Nikaenda nikaukumbatia kwa mikono na miguu, kama nyani, nikafumba macho.

"Banduka hapo, mwanangu," baba akasema. "Si huo."

Mama akatoka jikoni akishika mgongo. "Si huo? Upi basi, Baba Charo? Upi?"

Baba akatazama chini. Ndoro akafanya kama wafanyavyo wagema wote wa kwetu kabla ya kuua mti wa nyumbani: akaenda kwenye shina la mnazi mrefu, akaligonga mara moja kwa kisigino cha shoka, akauliza kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Wenyewe, mnazi huu una mtu?"

Hilo ni swali la kujibiwa na mkubwa wa nyumba. Akijibu una mtu, mgema hubeba shoka lake akaenda zake, hata kama ameitwa kwa kuombwa. Baba akageuka kumtazama mama yake. Hawe ndiye aliyeinuka kutoka kwenye kumbi zake. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili.

"Hauna mtu," akasema.

"Mama!" Mama yangu alipiga kelele. "Mama, wasema nini? Mwanangu yuko vitani!"

"Hauna mtu, Ndoro. Kata."

Mama alimrukia. Baba akamshika kwa tumbo lile lile, wakaanguka wote wawili mchangani. Mama akawa anamlaani mkwe wake kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, anamwita mchawi, anamwambia hata Petro alipomkana bwana wake alilia, wewe hulii. Kweli hawe hakulia. Alisimama karibu mno na mti mpaka Ndoro akambembeleza asogee. Shoka likalia. Mti ulipolala, ardhi iliruka chini ya nyayo zangu, na kunguru walizunguka juu, hawana pa kutua.

Shaha la Charo lilikuwa kubwa kama mtoto mchanga. Hawe alilichemsha, akampa Dama kwa ncha ya kidole. Dama akameza. Kesho yake akameza tena. Siku chache baadaye nzi alitua mdomoni mwake, akanyanyua mkono akamfukuza, na baba akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya jiko peke yake.

Mimi nilikula pia. Mama hakuonja.

Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Alipotoka arobaini, baba akamketisha akamwambia Charo amefia ng'ambo, amezikwa huko huko. Mama hakuuliza amekufa kwa nini. Aligeuza uso akatazama gutu la mnazi, kisha akamtazama hawe. Alikwisha kupata jibu lake. Nami pia nililipata, wanangu, siwafichi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: asubuhi kaka yu hai, amevaa viatu vipya, jioni amelala chini na kunguru hawana kiota.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na mafiga mahali pawili. Mama hakumwita tena hawe "Mama". Alisema "bibi yenu". Mpelekeeni bibi yenu maji. Bibi yenu anakohoa. Alimtendea haki zote za mkwe, alimfulia, alimwogesha alipougua, lakini hakupokea tonge kutoka mkononi mwake mpaka hawe alipokufa. Hawe naye hakusoma mti tena. Jioni alikaa juu ya lile gutu, Dama mapajani, na nikimwomba hadithi aliniambia macho yameingia ukungu.

Niliolewa Kaloleni. Mama wa mume wangu, Kanze, hakuwa mtu wa kanisa. Asubuhi moja nilimwona amechuchumaa nyuma ya nyumba, kifuu mkononi, maji meupe ndani yake, anamimina kidogo kidogo. Nikamwuliza kwa mazoea tu, kama ninavyomwuliza amelalaje, "Mama, wafanyani?"

"Nampa mume wangu. Kanijia ndotoni ana kiu." Mume wake alikuwa amekufa miaka mingi.

"Na aliye hai akiwa safarini, humpa hivyo?"

Akanitazama kama niliyetukana. "Aliye hai? Unataka kumwua? Hii ni ya wafu, mwanangu. Walio hai wanajipikia."

Nilikaa chini pale pale. Nilimwona hawe alfajiri ile, nikasikia "safari yake ni ndefu", nikaona macho yake yakikwepa kule juu, nikasikia sauti yake ikimjibu Ndoro. Bibi yangu hakumkana mtu. Aliulizwa swali mbele ya shoka, akajibu kweli.

Nilikwenda Kisauni kumkabili baba. Alikuwa mzee, anafua nazi, hakuacha kufua. Akaniambia kwamba habari zilimfikia kwanza kazini, kwa mdomo wa tarishi. Alimwambia mama yake tu, na mama yake akasema mwenye mimba asiambiwe mpaka atoke arobaini.

"Na baadaye, baba? Miaka yote ile?"

"Nilitaka kusema. Akanikataza. Akasema, mkeo akijua ulimficha kifo cha mwanawe, hamtakaa tena pamoja. Mwache anichukie mimi, mimi ni mzee, nami chuki naijua kuibeba. Wewe una watoto wa kulea naye."

Baba alipozikwa nilimwambia mama. Tulikuwa jikoni, anapepeta mchele. Nilimweleza yote, kifuu, maji meupe, tarishi, nikitarajia atalia au atanifukuza. Ungo ulinyamaza, kama zamani. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, kwa miaka yote ile, sikuwahi kujiuliza.

"Unga aliutoa wapi?"

Nikamtazama.

"Katika njaa ile, Sidi. Unga wa kummiminia mtu chini. Mimi nilipima kila kibaba. Haukupungua wangu."

Ndipo tukakumbuka sote wawili yale meno yaliyokuwa yakimuuma hawe.

Mama aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa kanisa tangu utoto wake, hajawahi kukosa Jumapili. Aliinuka kwa kushika ukuta, akachota unga kiganjani, akautia katika kifuu, akaongeza maji, akayakoroga kwa kidole. Nilimfuata mpaka nyuma ya jiko. Gutu lilikwisha kuliwa na mchwa, palibaki shimo dogo lenye majani, ambamo chini yake kilizikwa kitovu cha mtoto wake wa kwanza, na ambapo mkwe wake alikuwa akikaa jioni.

Hakujua maneno yasemwayo. Hakuna aliyemfundisha. Alipiga magoti, akainamisha kifuu, na maji mengine yakamwagikia kanga yake.

"Mama," akasema. "Kunywa, Mama."