Mlevi ni Mimi

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeniambia kwamba watu wanaotaka kuacha pombe hukutana Kewanja kila Jumamosi mchana, katika darasa la shule ya msingi. Nilipomweleza shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikasirika.

“Mwanamke usimame mbele ya wanaume useme unakunywa gongo? Utauaibisha ukoo.”

“Mliponiokota mtaroni ukoo haukuona aibu?” nilimjibu. Jumamosi nikajifunga khanga, nikatoka kwetu Nyangoto kwa miguu hadi Kewanja.

Pale shuleni nilipita darasa moja moja hadi niliposikia watu wakizungumza. Nilichungulia nikaona wanaume peke yao, wengi wao wachimbaji, buti zao zimejaa vumbi la mawe. Mwenyekiti aliinuka akanipokea kwa heshima.

“Karibu mama. Wake za walevi wanakutana kanisani, kule juu.”

“Mimi si mke wa mlevi,” nikasema. “Mlevi ni mimi.”

Mtu mmoja alicheka. Walisogea nikapita katikati yao, nikakaa dawati la mbele, nikasema yote: gongo ya asubuhi kabla ya chai, na watoto wangu waliohamia kwa bibi yao. Aliyecheka aliinamisha kichwa.

Jumamosi iliyofuata nilimpitia jirani yangu, mama ambaye tulizoea kunywa naye jikoni kwake. Aliniuliza kama huko kuna wanaume.

“Wapo,” nilimwambia. “Watasogea.”