Injini Iliyowashwa Stoo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo siisahau. Sikupanga kukusimulia, maana ni habari ya msiba wa nyumba hii. Lakini nimekuona ukiviringisha pipa kuelekea stoo kwa sababu mvua inakuja, na hiyo injini ya mtumbwi umeshaiegemeza mlangoni. Acha kwanza. Vuta kigoda ukae.

Nilikuwa nimeolewa hapa Turwa si muda mrefu, hata mbwa wa nyumba alikuwa bado ananibwekea. Mume wangu Chacha, babu yako, na kaka yake Marwa walikuwa na mtumbwi kule ziwani. Injini ikisumbua hawakuiacha mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kwa kuwa wezi walikuwa wengi. Waliileta nyumbani kwa pikapu na kuifungua hapa uani juu ya gunia.

Fundi alikuwa Marwa. Hakusomea ufundi, alijifunza kwa kuwatazama mafundi wa mjini. Alisugua plagi kwa brashi ya waya, akapuliza vitundu vya kabureta kwa mdomo, na kila nati aliyofungua aliiweka kwenye sufuria yangu ya mboga. Nililalamika. Akaniambia, "Shemeji, vumilia, mboga ya leo itanukia ziwa." Alikuwa mtu wa namna hiyo, mwanangu. Huwezi kumkasirikia hadi jua lizame.

Asubuhi hiyo jirani yetu Wambura alipita. Yeye na Marwa walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na ugomvi wenyewe ulikuwa umefika kwa wazee mara kadhaa. Hata hivyo aliingia uani, akamwamkia mama mkwe wangu, Gati, "Shikamoo mama," kisha akainama akaishika injini. Akasema, "Hii ikipona itawafikisha mbali." Marwa akaendelea kusugua plagi. Wambura akaondoka zake.

Mchana walimaliza kuifunga. Sasa injini ya mtumbwi huwezi kuiwasha kavu, itaungua. Inapozwa na maji. Kwa hiyo wakajaza pipa maji, wakaining'iniza kwenye ukingo wake, propela ikiwa ndani. Kabla hawajavuta kamba, mvua ikashuka, ile mvua ya Tarime inayokuja na upepo. Wakaliburuta lile pipa kidogo kidogo, wakaliingiza stoo. Stoo ilikuwa ya matofali, na kidirisha chake kimoja kilizibwa na magunia ya mahindi. Mvua ilipozidi kupiga ndani, wakafunga mlango.

Mama Gati aliwauliza kutoka jikoni, "Na moshi je?"

Marwa akajibu, "Mama, bomba lake linatolea chini ya maji. Maji yatameza moshi wote."

Na kweli ukitazama ni kama yanaumeza. Unaona mapovu tu yanapanda. Hakuna wingu jeusi la kukukohoza, hakuna kitu cha kukukimbiza.

Injini ikawaka. Tuliisikia jikoni, mimi nikisonga ugali, mama akichambua mboga. Mwanzoni ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na kati yake nilimsikia Chacha akicheka. Nikafurahi, nikajua kesho wanarudi ziwani. Ugali ukaiva. Nikaita, kimya. Nikadhani kelele imewaziba masikio.

Mama ndiye aliyeacha mboga. Aliinua kichwa akawa kama mtu anayesikiliza mgeni barabarani. Mwanamke huyo hakuwahi kugusa injini maishani mwake, lakini aliniambia, "Mbona hawaipandishi tena? Inalia sauti moja tu." Kisha akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Alipovuta mlango, joto lilitoka kama la tanuri. Moshi ulikuwa kidogo, mwanangu, mwepesi tu kama wa kuni zilizokauka vizuri. Chacha alikuwa ameketi karibu na mlango, mgongo ukutani na spana mkononi, kama mtu aliyepumzika. Marwa alikuwa amelala kifudifudi kando ya pipa. Na injini inanguruma juu yao, nzuri kabisa, kazi aliyoitengeneza mwenyewe.

Nilisimama. Mama alimshika Chacha kwapani akamburuta, ndipo na mimi nikapata akili nikashika miguu. Tulimlaza kwenye matope, mvua ikampiga usoni. Nikapiga yowe. Mama alirudi kwa ajili ya Marwa, lakini alitoka mikono mitupu, anayumba, akaanguka magoti.

Aliyefika wa kwanza ni Wambura. Aliruka ua, akaingia, akamtoa Marwa begani. Akarudi tena ndani akachomoa mpira wa petroli, na injini ikakohoa ikazima. Ule ukimya baada yake ndio ulionitisha zaidi. Nikasikia mvua kwenye bati, na mama akiita jina moja tu: Marwa, Marwa.

Chacha alitapika, akafumbua macho. Marwa hakufumbua. Wakabebwa wote wawili hospitali kwa gari la watu. Mmoja akabaki huko akitibiwa, mwingine akarudi amefunikwa shuka.

Na hapo, mwanangu, ndipo niliposhtuka mara ya pili. Watu walijaa uani. Mtu mwenye nguvu zake, hana jeraha, hana damu, amekufa akiwa nyumbani kwao. Wangeelewaje? Baba mdogo wa Chacha na Marwa, Nyamhanga, ndiye aliyeanza. Akasema, "Asubuhi Wambura aliishika injini hii. Sasa alijuaje kuna shida mpaka akafika kabla yetu sote?" Nikaona watu wanatazamana. Nikaona mapanga yanatoka. Wambura mwenyewe alikuwa pale pale, amekaa kwenye tofali, matope mpaka mapajani. Alikuwa hajaenda hata kubadilisha nguo. Alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mama Gati alikuwa na wanawake ndani, karibu na maiti ya mwanawe. Alitoka. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya wale wanaume akaingia stoo, akarudi amebeba kitu kwenye kanga. Alikuwa ni kuku wake aliyekuwa akiatamia kwenye kona, nyuma ya magunia. Amekufa vile vile alivyokaa, mabawa yakiwa yamefunika mayai.

Akamweka miguuni kwa Nyamhanga.

"Shemeji," alisema, "na huyu alikuwa na ugomvi wa mpaka na Wambura?"

Akanyoosha mkono kuelekea stoo.

"Mwanangu ameuawa na hewa ya chumba kile. Mimi mwenyewe niliivuta kidogo, mpaka sasa kichwa kinanipasuka. Wambura aliivuta mara mbili kwa ajili yangu. Anayetaka kumgusa aanze na mimi, azike watu wawili kesho."

Nyamhanga aliinama akamgusa yule kuku. Kisha alikaa chini, mtu mzima yule, akalia akiwa ameziba uso kwa kofia yake. Moja moja, mapanga yakarudi alani.

Chacha alipopata nafuu hakukumbuka chochote cha siku ile. Nilipomletea uji hospitali, neno la kwanza aliloniuliza ni hili: "Marwa amekula?" Nimezaa, nimezika, nimeona mengi. Sijapata kuulizwa swali gumu kama hilo.

Basi nisikilize vizuri. Simkatazi mtu kutengeneza injini yake nyumbani. Sugua plagi, badilisha oili, hakikisha maji ya kupozea yanatoka, na petroli iweke mbali na jiko langu. Lakini ukitaka kuiwasha, iwashe uani, mbali na milango na madirisha. Mvua ikinyesha, ifunike turubai ukanywe chai. Usidanganywe na maji ya kwenye pipa, hayamezi sumu iliyo ndani ya moshi, na sumu yenyewe hutaiona wala kuinusa. Jenereta ni hivyo hivyo, pikipiki ni hivyo hivyo, hata jiko la mkaa unaloingiza chumbani wakati wa baridi. Na ukimkuta mtu ameanguka humo, fungua mlango wazi, umtoe haraka, usiinamie kumuuliza kitu ukiwa ndani.

Na jambo la pili ni hili. Msiba ukikupiga ghafla, moyo utatafuta mtu wa kumshika. Uambie usubiri. Kwanza ingia uone kilichotokea, kama mama Gati alivyoingia huku mwanawe amelala chumba cha pili. Kama si yeye, watoto wa Wambura wangekua yatima, na sisi tungekuwa wauaji wa mtu aliyehatarisha roho yake kumtoa Marwa.

Mungu akulinde ziwani na nchi kavu, mwanangu. Akupe mikono ya ufundi na pumzi ndefu ya kuitumia. Uzeeke, uwe na wajukuu wa kuwakemea. Haya, nyanyua hilo pipa tulirudishe uani, nishike upande huu.