Mwanga wa Nyota Uliomtoa Samsam Harusini

Jua la Eldas linaelekea kuzama, na Samsam Abdirizak yuko juu ya ngazi akifagia mchanga kwenye reli za paa la kibanda cha darubini. Paa hilo husukumwa kando ili darubini ione anga.

"Mchanga ni jirani yangu. Haupigi hodi," anasema, akicheka.

Samsam, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa fundi wa simu sokoni kabla ya mradi wa chuo kikuu kumwajiri na kumfunza kazi hii.

Kazi yenyewe huanzia mbali. Darubini nyingine, inayozunguka nje ya hewa ya dunia, hunasa milipuko ya miale ya gama, mmweko mkali unaotokea nyota kubwa inapokufa. Miale hiyo haifiki ardhini. Darubini hiyo ikishajua mmweko umetokea upande gani wa anga, hutuma taarifa hadi kwenye simu ya Samsam. Hapo huanza mbio za kutafuta mwanga unaobaki kabla haujafifia.

Mwezi uliopita, magharibi imetoka kuswaliwa, taarifa ilimkuta kwenye harusi ya binamu yake Nasteha, viganja vimejaa hina mbichi.

"Nikaona mahali penyewe pako juu ya vichwa vyetu kabisa. Nikasema, wallahi, hii hainipiti."

Kaka yake, Awil, alimkimbiza kwa pikipiki. Walipofika, mota ya paa ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Wakasukuma kwa mabega, wapi! Paa halikutikisika. Hina yote ikaishia kwenye paa.

Samsam alitamani kulia. Badala yake akapiga simu harusini.

Haikuchukua muda pikapu ikaja imejaa wanawake waliovalia nguo za sherehe, bado wanaimba. Mbele alikuwa shangazi yake, Fardosa.

"Hiyo nyota imekufa lini?" Fardosa aliuliza.

"Huenda miaka bilioni tisa iliyopita, eeddo," Samsam akamjibu shangazi yake.

"Bilioni tisa! Na leo ndiyo unatukimbiza, hata nyama hatujala?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakasukuma, wakiimba, na paa likaachia.

Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili vilevile. Kwenye ya tatu, mahali ambapo ramani ya anga haina nyota yoyote, palikuwa na nukta moja hafifu.

"Nilikaa chini," anasema Samsam. "Kisha nikaitazama tena."

Aliwatumia wanaastronomia wa mradi mahali hasa ilipo nukta hiyo, na kabla ya mapambazuko darubini kubwa za nchi nyingine zilikuwa zimeelekezwa hapo hapo.

Fardosa aliinamia kioo cha kompyuta. "Ni hiyo tu?" akauliza. Lakini hakuondoka. Aliwaita wenzake mmoja mmoja waje waione.

Muhula ujao, Samsam anatarajia kuanza shahada ya fizikia mjini Garissa, na Awil, ambaye sasa anamfunza kazi hii, atashika zamu zake.

"Kuiona nimeiona," anasema, akishuka ngazi. "Sasa nataka kuielewa."