Video Ilianza Nanjala Akiwa Amesimama

Gari dogo la bluu linaingia kituo cha mafuta kutoka barabara ya Namanga, hapa Kitengela. Pampu namba moja iko wazi, na mhudumu wake, Nanjala Makokha, amesimama tayari. Gari linampita. Linaenda kupanga foleni nyuma ya lori kwenye pampu namba tatu, kwa Mulinge, mhudumu mwenzake.

"Umeona?" Nanjala anauliza, akipangusa mikono isiyo na uchafu wowote. "Kila Ijumaa. Foleni iwepo, isiwepo, ni kwa Mulinge."

Mwenye gari ni Mwalimu Wathome, mstaafu wa miaka sitini na minane. Mwaka jana moyo wake ulisimama katika kituo hiki hiki, akingoja kujaziwa upepo kwenye magurudumu. Leo yuko hai, na mbele za watu humwita Mulinge mwanawe. Krismasi alimletea mbuzi.

Hata mwandishi wa habari hii alikuwa amekuja kumwandika Mulinge. Nanjala alipoambiwa hivyo alicheka kidogo, kisha akasema yake bila kuzungusha.

"Mimi niko na wivu. Andika hivyo tu. Huyo mzee, aliyeanza ni mimi."

Nanjala, mama wa watoto watatu kutoka Bungoma, amehudumu kwenye pampu kwa miaka tisa. Siku ile alimwona mwalimu akianguka na watu wakijaa. Mmoja alisema ni kifafa. Mwingine alikimbilia maji ya kummwagia. Wengine walifungua mlango wa pikapu wampeleke hospitali mbio, na kwa kuwa mzee alikuwa akikoroma, wengi walisema anapumua.

Lakini Phylis Ndulu, muuguzi wa kliniki iliyo ng'ambo ya barabara, alikuwa amewafundisha wafanyakazi wa kituo jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Mtu aliyezimia, haitiki, na anakoroma kwa kuachia-achia, huyo hapumui. Kila dakika inayopita bila kifua chake kubonyezwa inampunguzia nafasi ya kuishi.

Nanjala alimtuma Mulinge amwite Phylis na mashine ya kushtua moyo. Akapiga magoti kwenye saruji, akaweka viganja katikati ya kifua cha mzee, akabonyeza kwa nguvu na kwa haraka, akikiacha kifua kiinuke tena kila mara. Waliotaka kumbeba mzee kwenye pikapu aliwafukuza kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapisha.

Phylis alipofika na Mulinge, aliamuru wabadilishane. Ndivyo inavyotakiwa, kila baada ya dakika mbili, kwa sababu mikono hulegea. Nanjala akainuka, Mulinge akashika. Mashine ikashtua, Mulinge akaendelea kubonyeza, na baada ya muda mzee akasogeza mkono.

Mteja mmoja alikuwa amewasha kamera ya simu Mulinge alipopiga magoti. Kwa hiyo kwenye video iliyosambaa kila mahali, Mulinge anaokoa maisha, na nyuma yake kuna mwanamke ameshika kiuno, akihema. Mtu akaandika chini yake: mbona huyo mama amesimama tu kama anangoja chenji? Dadake Nanjala aliiona akiwa Bungoma, akapiga simu kuuliza kulikoni.

"Hiyo ndiyo iliniuma," anasema. "Mbuzi ningevumilia."

Mulinge anasema amejaribu mara nyingi kumweleza mzee. Ila mwalimu hakumbuki lolote la siku ile. Anachokijua ni kile alichokiona kwenye video, na hachoki kukisimulia. Isitoshe, wote wawili ni Wakamba na hupiga gumzo kwa lugha yao, huku Nanjala akisikia vicheko tu. Hajui, anasema, kama anatajwa yeye au ni habari ya mahindi.

Wivu huo umeingia hadi kwenye mazoezi. Mwezi uliopita Phylis alisema badilisheni, Nanjala akakataa kutoka. Sanamu wanayofanyia mazoezi hutoa mlio kifua kikibonyezwa vya kutosha. Mlio ulinyamaza, naye akaendelea tu.

"Aliyechoka huwa hajui amechoka," anasema Phylis. "Nilimwambia usoni kwamba sanamu hiyo ingekuwa mtu, tungempoteza." Nanjala alimnunia siku kadhaa.

Leo pia ni siku ya mazoezi. Mwalimu Wathome, tangi lake likiwa limeshajazwa na Mulinge, anazunguka nyuma ya ofisi na kuomba kujaribu. Daktari wake alishamruhusu hata kulima, kwa hiyo Phylis anamkubalia kidogo. Nanjala anapangwa kumpokea.

Mzee anabonyeza. Jasho linamtoka, mlio unaanza kurukaruka. Phylis anasema wabadilishane, lakini mzee habanduki.

"Niacheni nimalize. Si nimeanza mimi?"

Nanjala amepiga magoti kando yake. "Hata kwako, Mwalimu, nilianza mimi," anasema taratibu. "Nikachoka, nikatoka. Ndiyo maana uko hapa."

Mzee anasita. Anamgeukia Mulinge, ambaye anaitikia kwa kichwa. "Nimekuwa nikikuambia, mzee. Mimi nilimpokea tu."

Phylis anawakumbusha kwamba hakuna anayebonyeza. Nanjala anaingia, na mlio unarudi.

Baadaye mwalimu anaingia garini bila kuaga. Gari linageuka, linaipita pampu namba tatu, linasimama namba moja.

"Nijazie."

"Lakini tangi imejaa, Mwalimu. Mulinge amekujazia sasa hivi."

"Jaza tu."

Nanjala anaweka mafuta. Pampu inajikata papo hapo. Mzee analipa hicho kidogo, kisha anaushika mkono wake kwa mikono miwili na kukaa nao kitambo.

Wivu umeisha? Nanjala anafikiri. Umepungua, anasema, ila yule mbuzi yeye alionjeshwa supu tu. Anataka Phylis amfunze ukufunzi, apite kila kituo cha mafuta kutoka hapa hadi mjini Kajiado, awafundishe wahudumu wenzake. Na kama mtu mwingine ataanguka hapa?

"Nitaanza. Wakisema badilisha, nitatoka," anasema, macho yakilifuata gari la bluu. "Lakini mwenye simu naye aanze kurekodi mapema."